Bingwa wa Karata Aliyeshindwa Nje ya Meza

Kwa muda sasa nimekuwa nikiisikia hoja moja ikirudiwa na vijana wetu hapa Nunguni, nayo imenifikia hata kupitia midahalo ya wanafunzi wa shule za upili: kwamba kamari ni kazi kama kazi nyingine, mradi mtu awe na akili. Ushahidi unaotolewa ni wachezaji wa poka wa Marekani, ambao sura zao huonekana katika simu wakiwa wamezungukwa na vitita vya dola. Na jina linalotajwa kwa heshima kuliko yote ni la Stu Ungar. Nimeona ni vyema basi, mpenzi msomaji, niyaandike maisha ya mtu huyu kwa ukamilifu wake. Inayosimuliwa ni nusu ya hadithi yake tu, na nusu hiyo ni ya kweli tupu. Ni ile nusu nyingine ambayo haifiki huku kwetu katika milima ya Kilungu.

Ungar alizaliwa tarehe 8 Septemba 1953 katika jiji la New York, akalelewa katika mtaa wa Lower East Side, mtaa wa wahamiaji na wachuuzi. Baba yake, Isidore, alikuwa na kilabu cha pombe, lakini riziki yake hasa ilitokana na kupokea madau ya watu waliobahatisha matokeo ya michezo, na kuwakopesha kwa riba kubwa wale waliokwisha kupoteza. Hapa ningependa msomaji atue kidogo. Mtoto huyu hakukulia upande wa wacheza kamari. Alikulia upande wa pili wa kaunta, upande ambao hesabu hufungwa kila wiki na faida ikaonekana. Baba aliwajua wateja wake vizuri mno, aliona kilichowapata, na kwa sababu hiyo alijitahidi kumzuia mwanawe asicheze. Jitihada hiyo haikufua dafu. Kijana alikuwa akicheza kwa siri, na inasimuliwa kuwa alishinda mashindano yake ya kwanza ya karata akiwa na umri wa miaka kumi.

Shuleni alikuwa mwerevu kupita kiasi, wa aina ile ambayo kila mwalimu aliyekaa kazini miaka mingi amewahi kukutana nayo mara moja au mbili: mtoto anayemaliza zoezi kabla ya wenzake kufungua madaftari, kisha akaanza kusumbua. Aliacha masomo akiwa darasa la kumi. Baba alikuwa amefariki mwaka wa 1967, mama alikuwa mgonjwa, na kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini akawa ndiye mlishaji wa nyumba kwa njia pekee aliyoijua.

Njia hiyo ilikuwa mchezo uitwao gin, unaochezwa na watu wawili, kila mmoja akijaribu kupanga karata zake katika makundi kabla ya mwenzake. Ni mchezo wa kumbukumbu. Kila karata inayotupwa mezani hueleza jambo fulani juu ya zile zilizobaki mkononi mwa mpinzani, na Ungar hakusahau hata moja. Wanaomjua walishuhudia kuwa baada ya karata chache alikuwa akizisoma za mwenzake kana kwamba zimeelekezwa kwake. Aliwashinda mabingwa wa New York, akawashinda waliosafiri kutoka mbali kuja kumpima, hadi likazuka tatizo ambalo fundi yeyote stadi wa bao analielewa: hakubaki mtu wa kucheza naye. Akaanza kuwapa wapinzani nafasi ya mbele, hata kuwaruhusu kuiona karata ya mwisho ya furushi, ilmuradi wakubali kuketi. Bado aliwashinda. Mwishowe hata waandalizi wa mashindano walimwomba akae kando, kwa kuwa wengine hawakutaka kulipa kiingilio iwapo jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Kwa hiyo alihamia Las Vegas mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa kukosa wapinzani wa gin akageukia poka.

Ni lazima nieleze mashindano ya poka yanavyoendeshwa, maana ndipo kiini cha habari hii kilipo. Katika mashindano makuu ya dunia, yaliyoanzishwa mwaka wa 1970 katika kasino ya Binion's Horseshoe, kila mchezaji hulipa kiingilio cha dola 10,000. Badala ya fedha hizo hupewa sarafu bandia za kuchezea, sawa na za wenzake wote. Sarafu hizo haziwezi kubadilishwa kuwa fedha katikati ya mchezo, na wakati ule zikikwisha haziwezi kununuliwa nyingine. Mwenye kuishiwa huinuka na kwenda zake. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote, na anayeunda kundi bora la karata tano ndiye huchukua dau, isipokuwa kama wengine wote wamekwisha kutupa karata zao kwa hofu. Kadiri saa zinavyopita, dau la lazima hupandishwa, ili anayejificha akingoja karata nzuri aliwe polepole kama chumvi katika maji.

Ungar alilielewa jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakulielewa sawasawa. Katika mashindano, watu hawachezi tu ili washinde. Wengi hucheza ili wasitoke. Mtu aliyelipa dola 10,000, na ambaye amebakisha wachezaji wachache tu watolewe ili aifikie zawadi, huwa mwoga. Hutupa hata karata za wastani ambazo siku nyingine angezipigania. Ungar aliwashambulia watu hao bila huruma. Aliongeza dau mara kwa mara, aghalabu akiwa hana kitu mkononi, akazoa vijidau vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyekuwa tayari kuvitetea. Ilipotokea mtu akakataa kurudi nyuma, Ungar alimtazama, akapima, na mara nyingi akajua kama aliyekaa mbele yake ana karata za kweli au ana moyo tu. Vijana wanaosema kuwa hapa pana akili, wamesema kweli. Nami siwaungi mkono walimu wenzangu wanaodhani kuwa yatosha kusema karata ni za shetani na kufunga mjadala. Mwanafunzi mwerevu huona mara moja kuwa ameepukwa swali lake, na toka siku hiyo hatuamini tena katika lolote tunalomwambia kuhusu kamari.

Mwaka wa 1980, akiwa na umri wa miaka 26 na sura ya mvulana, aliingia katika mashindano hayo makuu pamoja na wengine 72. Walimpa lakabu ya Mtoto. Siku ya mwisho alibaki na Doyle Brunson, Mteksasi mkubwa wa umbo, aliyekuwa ametwaa ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka wa 1976 na 1977, na aliyekuwa ameandika kitabu kuhusu mbinu za mchezo. Katika mkono wa mwisho Brunson alishika ree, ile karata yenye alama moja, pamoja na saba. Ungar alishika tano na nne za shupaza. Mezani zikafunuliwa ree, saba na mbili. Brunson alikuwa na jozi mbili. Ungar hakuwa na chochote ila tumaini la kupata karata ya tatu ili akamilishe mfuatano wa moja hadi tano. Kati ya karata 45 ambazo hazijaonekana, nne tu zingemfaa. Ikaja tatu. Brunson, asiyejua kilichotokea, akaingiza mezani kila alichokuwa nacho. Ungar akaondoka na dola 365,000, nusu kamili ya viingilio vyote. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda tena, mara hii dola 375,000.

Nimeusimulia mkono huo kwa makusudi. Safari ya kuifikia meza ya mwisho ilikuwa ya ustadi, lakini karata iliyomtawaza ilikuwa na nafasi kama moja katika kumi na moja. Brunson hakukosea kwa kuwa mjinga. Alikuwa mbele, akapitwa. Mchezaji wa kulipwa aliye timamu huyakubali hayo na kuiweka akiba yake kwa namna ambayo tatu moja haiwezi kumfilisi.

Ungar hakuwa na akiba. Na hapa ndipo inapoanza ile nusu ya pili.

Ndani ya mashindano, sheria zilimlinda. Hata angecheza kwa uzembe namna gani, hangeweza kupoteza zaidi ya kiingilio. Kulikuwa na ua uliozunguka hasara yake. Aliposimama kutoka mezani, ua huo ulibaki nyuma. Alitoka na fedha mkononi akaenda kuziweka kwenye mbio za farasi, kwenye mpira wa Kimarekani, kwenye mpira wa kikapu, kwenye gofu ambayo hata hakuijua kuicheza. Huko hakukuwa na mtu aliyeketi mbele yake amsome macho. Farasi hajui kuwa unamtishia. Na kipaji chake chote, kumbukumbu yake yote, havikuwa na mahali pa kushika.

Wanahisabati wenzangu wananisamehe nikiingia shambani mwao kwa muda. Katika kubahatisha michezo kule Marekani, desturi ni kuweka dola 110 ili ushinde 100. Tuseme mtu ameweka dau mara 100, akashinda mara 50 na kushindwa mara 50, yaani amebahatisha sawa na anayerusha sarafu. Amepata 5,000 na kupoteza 5,500. Amepungukiwa na 500, ingawa hakuwa na bahati mbaya hata kidogo. Ili asipoteze kitu, yampasa abahatishe kwa usahihi zaidi ya mara 52 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Baba yake Ungar aliishi kwa tofauti hiyo ndogo. Ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba ambamo Stu alilelewa. Mwana aliyejua hesabu hiyo tangu utotoni akaondoka kwenda kuwa mteja.

Mikeka ya mechi nyingi wanayoiweka vijana wetu kwa simu ni mibaya zaidi kuliko hiyo. Chukua mechi tano, kila moja ikiwa na nafasi sawa ya kushinda na kushindwa, na kila moja ikilipa mara 1.90 ya dau. Ukizizidisha pamoja utapata kama mara 24.8. Nafasi ya kuzipata zote tano ni moja katika 32. Kwa hiyo kila shilingi 100 inayowekwa hurudisha, kwa wastani wa muda mrefu, kama shilingi 77. Kampuni haimdanganyi mtu. Bei zake zimeandikwa waziwazi. Ni kwamba mkato wake mdogo huzidishwa mara tano, na kijana huona ile 24.8 tu. Ningefurahi kuona hesabu hii ikifanywa ubaoni katika somo la uwezekano, badala ya mipira myekundu na ya samawati ndani ya mfuko, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona.

Wazee wa hapa watakumbuka pata potea, wale watu walioandamana na siku za soko wakiwa na karata tatu na kijimeza cha kukunja, na wasaidizi wao waliojifanya wateja waliobahatika. Polisi walipoonekana, meza ilikunjwa. Kisha zikaja mashine za kutumbukiza sarafu ya shilingi 20, na baadaye simu. Sheria ya zamani ya kamari ya Kenya ilikuwa ya mwaka wa 1966, zama ambazo mtu alilazimika kusafiri ili kwenda kupoteza fedha zake. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 hakuna aliyefikiri kuwa mfuko na meza ya kamari vingekuja kuwa kitu kimoja. Kati ya poka ya mashindano na vitu hivi hakuna undugu ila jina la kamari. Katika poka unacheza na binadamu mwenzako, na mwenye kasino huchukua ada yake pembeni. Katika vingine hivi unacheza na mwenye meza. Hii ndiyo tofauti ambayo Ungar, kwa akili zake zote, aliivuka kila usiku bila kuijali.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya ushindi mezani na uharibifu kila mahali pengine. Alioa, akapata binti, akamlea mtoto wa mkewe kama wake. Ndoa ilivunjika. Mwaka wa 1989 yule mtoto wa kulea alijiua. Kokeini, ambayo awali aliitumia ili akeshe mezani, ikawa bwana wake. Katika mashindano makuu ya mwaka wa 1990 alikuwa akiongoza vizuri, kisha siku ya tatu hakuonekana. Alikutwa chumbani mwake hotelini akiwa hana fahamu. Sarafu zake ziliachwa mezani zikiliwa na dau la lazima duru baada ya duru, na zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu ambaye hakuwepo alimaliza katika nafasi ya tisa. Sijui mfano bora kuliko huo wa jinsi alivyokuwa mbele ya wenzake, wala wa jinsi ambavyo kuwa mbele hakukumfaa.

Mwaka wa 1997 hakuwa na kiingilio. Rafiki yake Billy Baxter, mchezaji wa kulipwa, alimlipia dola 10,000 dakika za mwisho kwa masharti ya kugawana ushindi. Ungar alikuja amevaa miwani ya mviringo ya samawati iliyoficha pua iliyokwisha kuharibiwa na kokeini, na mfukoni alikuwa na picha ya binti yake. Washindani walikuwa 312. Kwa siku nne alicheza kama kijana wa 1980. Mezani mwisho alimkuta John Strzemp, msimamizi wa kasino ambaye hakuwa mchezaji wa kulipwa. Strzemp alikuwa na ree na nane, Ungar ree na nne. Hadi karata ya nne Strzemp alikuwa mbele. Karata saba tu kati ya 44 zilizobaki zingemwokoa Ungar. Ikaja mbili, na kwa mara ya pili ubingwa wa dunia ukaamuliwa kwa mfuatano uleule wa moja hadi tano. Zawadi ilikuwa dola 1,000,000. Nusu ilikwenda kwa Baxter. Nusu yake mwenyewe, dola 500,000, ilimalizika katika muda wa miezi kwa madau ya michezo na dawa.

Watu hupenda kubishana ni nani aliyekuwa mchezaji bora kuliko wote. Johnny Moss naye alihesabiwa bingwa mara tatu, ingawa ule wa kwanza, wa mwaka wa 1970, aliupata kwa kura ya wachezaji wenzake. Kwa kuketi mezani na kumsoma mtu, nakubaliana na wanaomtaja Ungar. Lakini nikiulizwa ni nani aliyekuwa mchezaji wa kulipwa, yaani mtu aliyeifanya karata kuwa kazi, nitamtaja Brunson, yule aliyepigwa na ile karata ya tatu. Yeye pia alipenda kubahatisha, naye alipoteza sana. Hata hivyo alijua ni mchezo upi unaomlisha, akaurudia kwa zaidi ya nusu karne, na alipofariki Mei 2023 alikuwa na miaka 89. Jambo hilo halionekani katika video za dakika mbili. Wala haionekani idadi ya wale waliolipa viingilio vilivyomtajirisha mshindi: katika mwaka ule wa 1997, kati ya watu 312, ni wachache tu waliorudishiwa hata kile walichotoa.

Mwaka wa 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena. Bingwa mtetezi alikataa muda mfupi kabla ya mchezo kuanza, akasema amechoka. Tarehe 22 Novemba mwaka huo alikutwa amekufa katika chumba cha moteli ya bei rahisi mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Madaktari walieleza kuwa moyo ulikuwa umedhoofishwa na miaka ya dawa za kulevya. Alikuwa na dola mia kadhaa mfukoni, na hakuwa na akaunti wala nyumba. Bob Stupak, mwenye kasino ambaye zamani aliwahi kushindana naye dau la kukumbuka karata, akachangisha fedha kwa waliofika mazishini ili gharama zilipwe. Miongoni mwa waliotoa walikuwemo watu aliowashinda.